Sala ya kufunga mbio isubiri wa mwisho afike

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na kama ni ndefu naomba usiikate sana maana hili jambo liko moyoni mwangu muda mrefu. Majuzi msomaji mmoja aliandika humuhumu kwamba makanisa siku hizi yameacha kuhubiri yanakimbiza watu barabarani, kila parokia ina marathoni, kila usharika una marathoni, tisheti, namba kifuani, medali shingoni, alafu akamalizia na ule mstari wa Timotheo wa Kwanza kwamba kujizoeza mwili kwafaa kidogo ila utauwa ndo unafaa kwa mambo yote. Na haikupita wiki, mzee mmoja wa msikiti wa mtaani kwetu hapa Bagamoyo, mtu ninayemheshimu sana, akanisimamisha njiani akaniuliza, mwalimu, hizi mbio zenu za alfajiri mnazochanganyika na watoto wetu, mnatafuta nini hasa? Nilimjibu kwa kifupi palepale lakini swali lake linastahili jibu refu, na yule wa gazetini vilevile, kwa hiyo nawajibu wote wawili hapa.

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi, Mkatoliki, mke wa mtu na mama wa watoto. Kikundi chetu hakina jezi wala usajili, tunaitana tu kwenye grupu la WhatsApp. Saa kumi na mbili kasoro, wenzetu wakishatoka kuswali alfajiri, tunakutana maeneo ya Ngome Kongwe, tunanyoosha viungo, tunashika barabara ya Kaole, kwenda na kurudi ni kama kilomita kumi hivi. Wapo Wakatoliki, wapo Walutheri, wapo Wapentekoste, na Waislamu siyo wachache maana mji wenyewe ndo huu, Misheni imeingia hapa 1868 wakati pale tunapogeuzia Kaole kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13. Kabla ya kuondoka sisi Wakristo tunasali, fupi tu, asiye wa kwetu anaendelea kunyoosha misuli au anaomba dua yake, hakuna anayeulizwa.

Nianze na ndugu yangu wa gazetini. Huyohuyo Paulo aliyemwandikia Timotheo ndiye aliyewaandikia Wakorintho habari za wapigao mbio uwanjani, kwamba wote hupiga mbio ila tuzo anachukua mmoja, na hakuyatoa hewani. Alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, Matendo sura ya 18 inasema hivyo, na jirani na mji ule palikuwa na michezo ya Isthmia iliyofanyika kila baada ya miaka miwili, mshindi anavikwa taji la majani, ndo lile analoliita taji liharibikalo. Alijua mkimbiaji anavyojinyima, anavyoutiisha mwili wake. Mtu asiyejali mbio hawezi kuandika vile. Na aliposema kwafaa kidogo hakusema haifai, mi naomba tuachiwe hicho kidogo tukitumie vizuri.

Alafu sisi Watanzania mbio za pamoja tumekulia. Nani hapa hakupigwa mchakamchaka shuleni, giza bado, umande unapiga miguuni, mmoja anaita wengine mnaitikia chinja, aliyechoka anavutwa na sauti za wenzake? Mpaka leo nawatoa watoto mchakamchaka, na naonaga mtoto ambaye darasani hafungui mdomo ndo huyo anaongoza wimbo, na siku hiyo kwenye kipindi cha hesabu ananyoosha mkono bila kuitwa. Wote tunalijua hili toka utotoni, sijui kwanini tukishakuwa watu wazima wa kanisa tunadhani imani inapita kwenye benchi tu.

Sasa kwanini mbio ndefu, si mpira, si netiboli? Mpira una wapinzani, una refa, una kelele, na dakika tisini zikiisha kila mtu kwao. Mbio ndefu ukizikimbia taratibu, dakika nane kwa kilomita tuseme, unabaki na pumzi ya kuongea. Makocha wenyewe wanafundisha hivo, kwamba sehemu kubwa ya mazoezi ya mkimbiaji wa masafa marefu iwe ni spidi ambayo unaweza kusema sentensi nzima bila kuhema, ukiona unakata maneno jua umezidisha, punguza. Kwa hiyo saa nzima na ushee mpo bega kwa bega, hamtazamani usoni, kila mtu macho barabarani, na mtu asiyetazamwa usoni anasemaga mambo ambayo sebuleni kwake hasemi hata ukae naye mpaka usiku. Mi nimesikia habari za ndoa, za mikopo ya kausha damu, za mtoto aliyeingia kwenye unga, za mtu aliyeacha kusali miaka na anatamani kurudi anaona aibu, zote hizo kati ya Ngome na Kaole. Nenda kwa mtu huyohuyo umgongee mlango na Biblia kwapani, atakukaribisha kwa adabu, atakusikiliza kwa adabu, na utaondoka hujamjua.

Kwenye Matendo sura ya 8 Filipo aliambiwa asogee kwenye gari la yule mwethiopia aliyekuwa anatoka Yerusalemu. Imeandikwa kabisa, akaenda mbio. Na alipofika karibu akasikiliza kwanza mtu anasoma nini, ndo akauliza, je unaelewa unayosoma, na akangoja mpaka mwenyewe amwambie panda tukae wote. Hapo ndo mi nimejifunza jinsi ya kushuhudia, kwamba unakimbia ili umfikie mtu uwe karibu naye, mengine yanafuata akikukaribisha.

Nitoe mfano mmoja nilioushuhudia. Kuna mama mmoja Mwislamu, anakaanga samaki jioni, aligundulika ana sukari na daktari akamwambia atembee au akimbie kila siku. Akaona haya kukimbia peke yake barabarani mtu mzima na dera lake, akaja kwetu. Siku ya kwanza kasimama pembeni, ndala kazishika mkononi, miguuni raba za mwanae zimembana, mtandio kaufunga fundo kwa nyuma. Hatukufika hata kwenye ile minazi ya mwanzo akashikwa na kichomi, kainama kashika ubavu, hawezi kuinuka. Vijana walishatangulia mbali. Kijana mmoja wa kwaya, ndiye mwenye spidi kuliko wote pale na alikuwa anajiandaa na mashindano, akageuka akarudi, akamwambia mama toa pumzi yote nje kwanza, sasa tembea, usikimbie, na akatembea naye mpaka sisi tuliporudi toka Kaole tukawakuta. Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Ikawa anatembea kidogo anakimbia kidogo, mpaka ikafika siku anakimbia mwenyewe mpaka kwenye magofu, na siku hiyo njiani akamuuliza yule kijana, hivi wewe mwanangu unaacha mazoezi yako kwa ajili yangu mimi, unalipwa na nani? Kijana akamwambia, mama, mimi nilikuwa mbali, na Bwana Yesu alinisubiri. Basi, hakuongeza neno, nilikuwa nyuma yao hatua chache nikasikia. Yule mama akanyamaza kipande kirefu cha barabara, alafu akasema, kwetu pia mtu akimsubiri mwenzie ana thawabu. Na hapo ndo mazungumzo yakaanza, mpaka leo hayajaisha.

Hajabatizwa, na simtaji ili mtu amhesabu. Alipofiwa na mama yake mzazi grupu zima tulikwenda, wanaume wakaenda makaburini, sisi wanawake tukabaki mkekani na ndugu zake, khanga zetu kiunoni, tukaosha vyombo, tukamenya vitunguu. Sasa hivi ananiuliza maswali mazito, habari za Nabii Isa kwenye Kurani yao na habari za Yesu kwenye Injili yetu zinaachana wapi, namjibu ninachoamini bila kupunguza na yeye ananijibu anachoamini bila kupunguza, tunafika mwisho tukiwa tunahema wote wawili. Ndugu msomaji uliyeandika, hiyo ni injili au siyo injili?

Mzee wangu wa msikitini, wewe uliniuliza tunatafuta nini, na sitakuficha. Mimi natamani kila mtu hapa Bagamoyo amjue Yesu kama ninavyomjua, wewe ukiwemo, kama ambavyo najua na wewe unanitamania mimi la kwako. Ningekuambia tunakimbia kwa ajili ya afya tu ningekuwa nakudanganya, na wewe ni mtu mzima ungejua. Ila hatumtegi mtu. Hatupiti na spika mbele ya msikiti watu wakiwa kwenye swala, hatumpi mtu raba za mtumba ili tumwambie Jumapili njoo. Mwezi wa Ramadhani tunahamia jioni, tunakimbia taratibu kilomita chache karibu na muda wa futari ili wenzetu waliofunga wasiteseke, na hakuna Mkristo anayetoa chupa ya maji njiani akanywa mbele yao, hilo halikuandikwa mahali, walianza vijana wenyewe. Mtoto wa shule hakimbii na sisi mpaka mzazi wake aniambie kwa mdomo wake. Ukiona tumekosea hapo popote njoo nyumbani uniambie, mlango unaujua.

Na hili si jambo la kuanza leo. Hapahapa kwetu, pale Misheni, kuna mnara wa kanisa la zamani ambapo mwili wa David Livingstone, yule mmisionari Mzungu aliyezunguka sana Afrika, ulilazwa Februari 1874. Alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873, na waliombeba ni Waafrika, Chuma na Susi na Jacob Wainwright na wenzao, karibu miezi tisa kwa miguu mpaka baharini. Wainwright alikuwa Mkristo aliyesomeshwa shule ya misheni kule Nasik India, yeye ndiye aliyesoma ibada walipozika moyo wa marehemu chini ya mti. Susi alikuwa Mwislamu. Alikaa na Livingstone miaka mingi, akala naye, akamuuguza, akabeba maiti yake mpaka hapa, na alikuwa bado Mwislamu. Alibatizwa 1886 kule Zanzibar, miaka kumi na miwili baada ya safari ile. Mi kila tukigeuza njia tukapitia Misheni chini ya ile miembe nawafikiriaga hao watu, mwendo wote ule, dini mbili kwenye mzigo mmoja. Na hata Vatikani kwenyewe walipoitambulisha timu yao ya riadha Januari 2019, Athletica Vaticana, yenye mapadri na masista na walinzi wa Papa ndani yake, walikuwemo vijana wawili wahamiaji, Waislamu, kama wanachama wa heshima. Kwa hiyo sisi wa barabara ya Kaole hatujabuni kitu kipya.

Sasa nigeukie upande wetu wenyewe maana kinachoniuma zaidi kiko huku. Nilishiriki mbio moja ya kilomita 21 iliyoandaliwa na kanisa, sitataja kanisa wala mji. Tulipangiwa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi tukaondoka saa moja na nusu kwa sababu ya kumsubiri mgeni rasmi, na anayejua pwani anajua saa mbili jua linakuwaje, jasho halikauki, unakunywa maji na bado mdomo mkavu. Wenye spidi walimaliza vizuri. Sisi wa katikati tulimaliza kwa taabu. Wa mwisho, wengi wao akina mama na wazee wa kanisa waliojiandikisha kwa kuupenda mradi wa ujenzi ambao mbio ilikuwa inauchangia, walikuta meza za maji zimeshaondolewa, zile koni za kuonyesha njia zimeshapakiwa kwenye kirikuu, wanauliza bodaboda njia ya uwanjani ni ipi. Uwanjani huku mshereheshaji anaita wadhamini mmojammoja kupokea vyeti, hundi ya mfano inapigwa picha, alafu tukaambiwa tusimame tufunge kwa sala. Tukasimama. Tukafumba macho. Tukamshukuru Mungu kwa kutufikisha wote salama. Na watu wetu bado wako barabarani.

Baada ya ile sala nilibaki pale getini. Lile geti la kumalizia la kujaza upepo lilishatolewa upepo limelala chini. Akaja mama mmoja anatembea, mguu mmoja anauburuza, tisheti ya mbio mgongoni imeandikwa mwendo nimeumaliza, 2 Timotheo 4:7, akauliza mtu aliyekuwa anakunja turubai, kaka medali zinachukuliwa wapi, akaambiwa zimeisha. Hakulalamika. Akaenda kukaa kwenye kivuli akavua kiatu, soksi imeganda damu kidoleni. Nilimpa maji niliyokuwa nayo na nikakaa naye, lakini mhariri, mpaka leo nashindwa kuelewa tulimshukuru Mungu kwa ajili ya nani asubuhi ile. Kama kuna mtu siku ile alihitaji kuona imani ya wale waandaaji ni yule mama, na wao wameshaondoka na gari.

Na sisi ndo Watanzania, nchi ya John Stephen Akhwari, yule mkimbiaji wetu wa marathoni! Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 1968, mji uko juu zaidi ya mita 2,200 toka usawa wa bahari, hewa nyepesi, akaanguka njiani goti likaumia vibaya na bega, akafungwa bandeji akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari alimaliza kwa saa 3:25:27, giza limeshaingia, medali zimeshatolewa, watu wengi wameshaondoka, wa mwisho kabisa kati ya 57 waliomaliza, na wengine karibu 20 walishaachia njiani. Alipoulizwa kwanini hakuacha akajibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 aje kuanza mbio, ilimtuma azimalize. Mshindi wa siku ile waulize vijana hawamjui, huyu wa mwisho anajulikana dunia nzima, na anajulikana kwa sababu wapo watu wachache waliobaki uwanjani na kamera moja haikuzimwa. Wangekuwa ni sisi tungekuwa tumeshakunja turubai.

Hapo ndo naomba viongozi wetu wa dini watafakari. Kama lengo la mbio ni kupata hela ya bati, semeni ni harambee, hakuna ubaya, bati zinahitajika. Ila kama tunasema tunatangaza imani kwa mbio basi mahali pa kuitangaza ni nyuma kabisa, kwa yule anayetembea. Padri au mchungaji akitaka kuhubiri siku ya marathoni avae raba akae na wa mwisho toka mwanzo hadi mwisho, hata akitembea, saa tatu zile atasikia ungamo ambalo hajawahi kulisikia kanisani. Kuna habari kwenye Samweli wa Pili sura ya 18 ya Ahimaasi, kijana mwenye mbio kali, alibembeleza atumwe kwa mfalme Daudi, akakatazwa, akaomba tena, akaruhusiwa, akampita mtumwa Mkushi aliyetangulia, akafika wa kwanza. Mfalme akamuuliza, kijana Absalomu yu salama? Hakuwa na jibu. Akaambiwa geuka usimame hapa pembeni. Naisoma sana hiyo sura nikiona vijana wetu wanapita na tisheti zenye mistari mikubwa na spika kwenye toyo mbele, wamempita mtu kakaa kwenye tuta misuli imemkaza, na wakiulizwa mwenzenu yule vipi hawajui.

Kuna suala la Jumapili pia nalo lisemwe. Mbio nyingi za nchi hii, na Kilimanjaro Marathon ikiwemo, ni Jumapili asubuhi, naelewa, barabara hazina magari na watu hawako kazini. Eric Liddell, mkimbiaji wa Uskoti, mwaka 1924 kwenye Olimpiki ya Paris alikataa kukimbia mita 100 kwa sababu mchujo uliwekwa Jumapili, akakimbia mita 400 siku nyingine akachukua dhahabu kwa sekunde 47.6, mwaka uliofuata akaenda umisionari China na alifia huko kambini 1945. Simlazimishi mtu awe Liddell, sisi Wakatoliki tunaweza kusali Misa ya Jumamosi jioni, wengine hawana hiyo nafasi. Lakini mbio iliyoandaliwa na kanisa lenyewe ikawekwa saa ya ibada, kwaya iko barabarani na madhabahu iko tupu, hapana jamani. Kuna Jumatatu ya Pasaka, kuna sikukuu za kitaifa, hata ndugu zetu Wasabato wanaweza kuja siku hizo na Jumamosi yao haijaguswa.

Na watoto, hili ndo lingenifurahisha kuliko yote. Toka Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia kule Tokyo Septemba 2025, yeye na yule Mjerumani aliyekuwa wa pili wakapewa muda uleule 2:09:48 mpaka ikabidi picha iamue, watoto shuleni kwangu wanaamka kwa mchakamchaka bila kengele, wanagombania nani awe Simbu. Ni neema kubwa hii na itapita kama hakuna mtu mzima wa kukaa nao. Pale Iten Kenya alikuja Bruda mmoja Mwairishi, Colm O'Connell, 1976, kuja kufundisha jiografia shule ya St. Patrick's, riadha hakuwa ameisomea, akaanza kuwasimamia watoto na akabaki hapohapo miaka yote, David Rudisha bingwa wa Olimpiki wa mita 800 amepita mikononi mwake. Aliwapa muda wake. Sisi tuna parokia na sharika kila kata, tuna viwanja vya kanisa vinaota majani, mtoto anahitaji raba, kikombe cha uji akimaliza, na mtu mmoja wa kumwambia kesho saa ileile. Mtoto wa Kiislamu akija apewe uji uleule. Parokia ikinunua saa moja ya kuhesabu muda na sufuria kubwa la uji imefanya zaidi ya mabango yote tunayochapisha.

Najua zipo mbio za makanisa zinaandaliwa sasa hivi kwa ajili ya Pasaka, hapa kwetu na Tanga na Dar. Kwa walio kwenye kamati naomba machache tu. Anzeni kwa saa mliyotangaza hata mgeni rasmi akiwa bado Bunju kwenye foleni. Meza mbili za mwisho za maji zisiondoke mpaka apite mtu wa mwisho, na awepo mtu wa baiskeli anayemfuata huyo wa mwisho kujua yuko wapi. Medali zihesabiwe kwa waliojiandikisha, viongozi wasigawiwe kwanza. Na yule anayesali sala ya kufunga aulize kwanza kwa sauti kama kuna mtu bado yuko barabarani, na akiambiwa yupo akae chini asubiri.

Na wewe mhariri, ukituma mpiga picha kwenye mbio hizo, naomba umwambie asiondoke na mgeni rasmi.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Bagamoyo